Wasia uliotangaza ndoa ukamficha mke

Januari ina tarehe mbili zinazostahili kukumbukwa na kila anayejali historia ya watumishi wa ndani. Tarehe 14 Januari 1873, Arthur Munby, wakili na mshairi wa London, alifunga ndoa kimyakimya huko Clerkenwell na Hannah Cullwick, mtumishi kutoka Shropshire aliyejuana naye tangu 1854. Tarehe 29 Januari 1910 Munby akafariki. Wasia wake ulipotoka, magazeti yakashika moto: mzee aliyedhaniwa kapera alikuwa na mke, tena mke huyo alikuwa mtumishi wake. Hannah hakuzisikia habari hizo. Alikuwa amefariki Julai 1909.

Tangu hapo mkasa huu umesimuliwa kama hisani ya bwana mkubwa aliyeinama akamwinua kijakazi. Simulizi hiyo haimtendei haki Hannah. Wasia ni kauli ya mwenye mali. Hutaja anachotaka kitajwe, na huifanya siri kuwa yake peke yake. Shajara za Hannah zinasema vingine. Humo mna ngazi alizosugua kwa magoti, masizi aliyokomba na viatu alivyong'arisha, akivihesabu jozi kwa jozi. Aliingia kazini akiwa na miaka 8, na hakutaka pete imwondoe huko. Leseni ya ndoa alipooneshwa haikumsisimua. Baada ya harusi alihamia kwa Munby, Fig Tree Court, akaendelea kupika na kufagia, na akadai mshahara kama zamani. Wageni wakija, yeye ndiye aliyewahudumia. Walipokwenda Ufaransa mwaka huohuo alivaa kofia na glavu za kibibi, na mavazi hayo yalimkera. Siri ile, basi, Hannah naye aliilinda, kwa sababu zake mwenyewe.

Wapo watakaosema shajara haziaminiki, kwa kuwa Munby ndiye aliyemtaka aziandike, na yeye ndiye msomaji wake. Kweli, lakini anayeandika ili kumpendeza msomaji hamkatalii. Hannah aliandika hata kusita kwake kuolewa. Pingamizi zito zaidi ni mkufu. Kwa miaka mingi alivaa shingoni mkufu wenye kufuli, ufunguo akiwa nao Munby, na alimwita “Massa”, yaani bwana. Msomaji wa pwani ana haki ya kushtuka: mwaka uleule wa 1873 ndipo soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lilipofungwa, na minyororo ya Mkunazini haikuwa mchezo wa wapenzi. Mimi pia mkufu ule unanichoma, na sitautetea. Lakini waliouzwa Mkunazini hawakuwa na mshahara wa kudai wala mlango wa kutokea. Hannah alikuwa navyo vyote viwili. Mwaka 1877 alifungasha akarudi Shropshire, na Munby ndiye aliyekuwa akifunga safari kumfuata huko, mwaka baada ya mwaka.

Masanduku yenye shajara, barua na picha zao yaliachiwa Chuo cha Trinity, Cambridge, kwa sharti yasifunguliwe hadi 1950. Kitabu cha mwandishi Derek Hudson kuhusu mkasa huu, kilichotoka 1972, kilibeba jina la Munby. Shajara za Hannah zilingoja hadi 1984, Liz Stanley alipozihariri zikatoka kwa jina la aliyeziandika, mara nyingi usiku, mikono ikiwa bado na weusi wa jiko.