Fundi Viatu wa Portsmouth na Shule za Matambara

Katika mji wa Portsmouth, ulioko kusini ya Uingereza, palikuwa na mtaa uitwao St Mary Street, na katika mtaa huo palikuwa na kibanda cha mshona viatu. Upana wake ulikuwa kama futi 6, na urefu wake kama futi 18. Mwenye kibanda aliitwa John Pounds. Alizaliwa katika mwaka wa 1766, akatiwa kazini angali mtoto ili ajifunze kuunda merikebu katika gudi la serikali. Alipopata umri wa miaka 15 hivi alianguka ndani ya gudi kavu, akaumia vibaya, na tangu siku ile akawa kilema. Mtu asiyeweza tena kupanda mlingoti wala kubeba mbao hana budi kutafuta kazi ya kukaa. Pounds akajifunza kushona viatu.

Habari yake ya ualimu haikuanza kwa nia kubwa. Alimchukua mtoto wa ndugu yake amlee, naye alikuwa na miguu iliyopinda. Pounds akamtengenezea viatu vya namna ya pekee, na kidogo kidogo miguu ikanyoka. Kisha akaanza kumfundisha kusoma. Akaona kuwa mtoto afundishwaye peke yake huchoka upesi, akamwita mtoto wa jirani awe mwenzake. Akaja wa tatu, na wa nne. Kufikia mwaka wa 1818 hivi kibanda kilikuwa shule, na katika miaka iliyofuata watoto kama 40 waliweza kukutwa humo kwa wakati mmoja, wengine wameketi juu ya masanduku, wengine ngazini, na mwalimu katikati yao, kiatu pajani na sindano mkononi. Vitabu vilikuwa vichache na vikuukuu, na vilipokosekana alitumia matangazo yaliyochapishwa ili kubandikwa kutani. Alifundisha kusoma, kuandika na hesabu, pamoja na kupika na kutengeneza viatu. Hakutoza hata nusu peni.

Yampasa msomaji aangalie kwa makini jinsi mtu huyu alivyowapata wanafunzi wake, maana humo ndimo ilimo hekima yake. Hakungoja waje. Alikwenda gatini, mahali walipozurura watoto wasiokuwa na mlezi, hali amechukua mbatata iliyochomwa moto moto. Mtoto mwenye njaa aliinusa mbatata, akaifuata, akafika kibandani. Tena, palikuwa na shule za Jumapili makanisani ambazo mtoto mwenye nguo mbovu hakuthubutu kuingia, kwa haya. Pounds alitafuta nguo nzuri, akaziweka kwake. Jumapili asubuhi watoto walikuja wakazivaa, wakaenda shuleni pamoja na wenzao, na jioni wakazirudisha. Wako wataalamu walioandika vitabu vinene juu ya sababu zinazowazuia maskini wasisome. Fundi huyu aliziona mbili zilizo kubwa, yaani njaa na aibu, akazishika kwa mikono yake.

Sababu ya tatu ilikuwa fedha. Wakati ule Uingereza haikuwa na shule za serikali. Shule za watu wa chini zilikuwa mikononi mwa vyama viwili vya dini, kimoja cha Kanisa la Uingereza na kimoja cha wale waliojitenga nalo, na wazazi walitakiwa kulipa peni chache kila juma. Mwaka 1833 Bunge lilitoa pauni 20,000 ili kusaidia kujenga shule. Ilikuwa mara ya kwanza, na wengi waliishangilia. Lakini sharti lilikuwa kwamba watu wa mahali penyewe watoe kwanza nusu ya gharama. Basi mitaa yenye wafadhili ilipata msaada, na mitaa isiyokuwa na mtu wa kutoa haikupata kitu. Fedha zilikwenda mahali palipokuwa na fedha. Sidhani kuwa waliotunga sharti hilo walikuwa na nia mbaya. Walitaka kuona bidii ya wenyeji. Lakini bidii ya mtu alalaye na jamaa wanane katika chumba kimoja haihesabiki katika daftari la michango.

Zaidi ya hayo, mtoto maskini alikuwa mtu wa kazi. Aliuza viberiti, au majani ya kitoweo, au alifagia njia panda ili mabwana wapite bila ya kuchafua viatu, na alichokileta jioni kilikuwa sehemu ya chakula cha nyumba. Msichana alilea wadogo zake ili mama aende kibaruani. Kumwita mtoto wa namna hii shuleni mchana ilikuwa ni kumwambia mama yake alale na njaa.

John Pounds alikufa ghafula tarehe 1 Januari, 1839, mwenye umri wa miaka 72. Hakuanzisha chama wala hakuandika kitabu, na huenda jina lake lingalizikwa pamoja naye, kama si mshona viatu mwenzake aliyeichora picha ya kile kibanda na watoto wake. Picha hiyo ilichapishwa, ikaenea. Nakala moja ilitundikwa katika nyumba ya wageni huko Anstruther, kijiji cha pwani ya Scotland, na siku moja padri aitwaye Thomas Guthrie akaingia humo, akaitazama. Guthrie mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliona haya mbele ya picha ile, yeye padri mwenye elimu na kanisa, kwa jambo alilolitenda fundi maskini. Mwaka 1847 akatoa kitabu kidogo cha kuwaombea watoto wa Edinburgh shule, na shule ikafunguliwa. Mara ugomvi ukazuka juu ya mafundisho ya dini, kwa kuwa watoto wengi walikuwa Wakatoliki, na katika mwaka ule ule waliotofautiana naye wakaanzisha shule nyingine.

Lakini Guthrie hakuwa wa kwanza katika Scotland. Huko Aberdeen alikuwako hakimu, William Watson, aliyechoka kuwafunga watoto wale wale kwa makosa yale yale. Mtoto aliiba mkate, akafungwa, akatoka, akaiba tena, kwa kuwa njaa haikufungwa pamoja naye. Mwaka 1841 Watson alifungua shule ya mpango wa pekee: saa 4 za masomo, saa 5 za kazi za mikono, na milo mitatu kwa siku. Jioni watoto walirudi kwao. Hakuna aliyelazimishwa, lakini asiyehudhuria hakula. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyeielewa ile mbatata kuliko wote. Mbatata ya Pounds ilikuwa ya kumvuta mtoto siku ya kwanza. Sahani ya Watson ilikuwa ya kumweka mwaka mzima, tena ilichukua mahali pa kile kipato ambacho mtoto angalikiomba au kukiiba barabarani.

London ilikuwa na mambo yake. Katika mitaa ya Saffron Hill, penye wezi na wauza vitu vya wizi, palikuwa na shule iitwayo Field Lane. Waalimu wake walikuwa makarani, wenye maduka na mabibi, watu waliokwisha kufanya kazi zao za mchana, kisha wakaja usiku kufundisha bila ya mshahara. Riwaya za wakati huo zimetuzoeza kumwona mfadhili kuwa ni bwana tajiri mwenye moyo laini. Wengi wa hawa hawakuwa matajiri. Usiku wa kwanza wa shule za namna hii mara nyingi ulikuwa vita: taa zilizimwa, waalimu wakatupiwa taka, na mara nyingine askari akaitwa. Waliorudi usiku wa pili ndio walioziendesha shule hizo.

Mwezi wa Septemba, 1843, Charles Dickens alikwenda kuitazama Field Lane. Alikuta vyumba vichafu, vyenye harufu nzito, na watoto wasiojua jambo lo lote ila hila za kuishi. Aliwasifu waalimu kwa ushujaa wao, lakini hakuwasifu kwa kila kitu. Aliuliza kama haiwezekani kupata mahali pa kunawia. Alishauri pia kwamba watoto wasisumbuliwe kwa mafumbo ya imani wasiyoweza kuyaelewa, bali wafundishwe mambo yaliyo wazi. Desemba ya mwaka ule ule kilitoka kitabu chake cha A Christmas Carol, chenye watoto wawili waliokonda na kuvaa matambara, mmoja Ujinga na mmoja Ufukara.

Mwaka 1844 shule za London ziliungana, zikaunda Muungano wa Shule za Matambara. Jina hilo halikuwa la matusi. Matambara yalikuwa ndiyo sharti la kuingilia, kwani shule nyingine ziliwakataa watoto kwa nguo zao. Mkuu wa Muungano alikuwa Lord Ashley, ambaye baadaye alirithi cheo cha Earl wa Shaftesbury, naye alidumu katika kazi hiyo hata kufa kwake mwaka 1885. Hukadiriwa kuwa kati ya miaka ya 1844 na 1881 watoto kama 300,000 walipita katika shule za matambara za London. Si kusema kuwa wote walielimika. Wengi walikuja majira ya baridi, wakatoweka lilipotoka jua. Na waalimu nao, kwa kuwa hawakufungwa na mshahara, mara nyingine walitoweka mvua iliponyesha. Kwa sababu hiyo Muungano ulilazimika kuajiri baadhi ya waalimu, jambo ambalo mwanzoni halikutazamiwa.

Shambulio kali lilitoka kwa mtu ambaye mtu angalimdhania kuwa rafiki. Henry Mayhew, mwandishi aliyezichunguza habari za maskini wa London kuliko mwandishi mwingine wa zama zake, aliandika mwaka 1850 katika gazeti la Morning Chronicle kwamba shule hizi hazikupunguza uhalifu wa watoto. Alitoa hesabu za magereza kuonyesha kuwa umezidi. Akasema kuwa kumfundisha mwizi kusoma si kumfanya mwaminifu, na kwamba mtoto mwema akiketi na mtoto mbaya usiku kucha ndiye mwema atakayejifunza. Watu wa Muungano walikasirika, wakamjibu kwa hasira.

Mabishano hayo yafaa yapimwe bila ya hasira. Hesabu za magereza hupanda kwa sababu nyingi, na bidii ya polisi ni mojawapo, hata hazitoshi kuihukumu shule. Lakini Mayhew alikuwa na haki katika neno moja. Wafadhili walikuwa wamewaahidi wenye fedha kwamba shule zitapunguza wezi, ili wapate michango. Aliyeuza elimu kwa jina la ulinzi wa mali asione ajabu akidaiwa hesabu ya mali iliyoibwa. John Pounds hakumwahidi mtu kitu. Alitaka mtoto ajue kusoma.

Pengine jibu lililo bora lilitolewa kwa kazi. Mwaka 1851 yalifanyika Maonyesho Makuu huko Hyde Park, na mwanasheria John MacGregor pamoja na wenziwe wakaona kuwa wageni wengi watakuwa na viatu vyenye tope. Wakawavika watoto wa shule za matambara makoti mekundu, wakawapa burashi. Kila jioni mtoto alichukua peni 6 za kwanza, na kilichozidi kiligawanywa mafungu matatu: moja lake, moja la chama, na moja akiba yake. Kazi iliyokuwa kizuizi cha shule ikafungamanishwa na shule. Naona pia, ingawa labda ni dhihaka ya bahati tu, kwamba jambo lililoanza kwa mshona viatu lilirudi kwenye viatu.

Hatimaye sheria ikafika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1870 iliweka halmashauri za kujenga shule mahali palipopungukiwa. Mwaka 1880 kuhudhuria kukawa lazima mpaka umri wa miaka 10. Na mwaka 1891 ada ikaondolewa katika shule nyingi za watu wa chini. Hapo shule za matambara zikaanza kufungwa moja moja. Lakini sheria haikuja na viatu wala chakula. Ilikuja na karani wa kuwafuatia watoto wasiohudhuria na kuwashtaki wazazi. Kwa muda wa miaka mingi mama aliyemzuia binti yake nyumbani alee mtoto mchanga aliweza kutozwa faini kwa kosa la kuwa maskini. Katika pengo hilo watu wa kujitolea waliendelea, wengine kwa mifuko ya viatu, wengine kwa chakula cha mchana, mpaka mwaka 1906 Bunge lilipozipa halmashauri ruhusa ya kuwalisha watoto wa shule. Nasema ruhusa, kwa kuwa hazikulazimishwa, na nyingi hazikujishughulisha.

Mojawapo ya shule za matambara zilizodumu kupita nyingine ilikuwa katika njia ya Copperfield Road, mashariki ya London, kando ya mfereji. Thomas Barnardo aliifungua mwaka 1877 katika maghala yasiyojengwa kwa ajili ya watoto, akawapa mafunzo na chakula bure. Ilifungwa mwaka 1908, zilipopatikana shule za serikali za kutosha karibu yake, na majengo yakarudia kazi za viwanda na ghala. Wenyeji waliyaokoa yasibomolewe, na mwaka 1990 yakawa jumba la makumbusho. Humo watoto wa shule za leo huletwa na waalimu wao, wakaketishwa juu ya mabao ya zamani, wakapewa vibao vya kuandikia, wakafundishwa somo moja kama lilivyofundishwa zamani.