Mizigo ya Wapagazi na Uti wa Mgongo wa Kijana

Njia ya zamani itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora hata Ujiji, haikujua gari wala punda wengi. Pembe, nguo na shanga zilipita humo juu ya mabega ya watu, na waliosifiwa zaidi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika ya kwamba mtoto wa Kinyamwezi huanza kujitwika pembe ndogo apatapo miaka sita au saba.

Basi wako watu ambao, wakimwona binti wa miaka kumi na miwili ambaye bega lake moja limepanda kuliko la pili, husema, "Ni mizigo." Wengine husema, "Amelogwa." Maneno yote mawili si kweli. Mzigo mzito huumiza mgongo, lakini sio uletao ugonjwa huu, uitwao skoliosisi, ambao uti hupinda upande na kujisokota. Mara nyingi sababu yake haijulikani, ila huonekana katika ukoo, nao huzidi upesi wakati wa kubalehe, hasa kwa wasichana. Wala tusiuchanganye na kibiongo cha kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kina dawa zake.

Waganga wa Kiyunani wa kale walimlaza mgonjwa juu ya ubao wakamvuta kwa kamba. Katika karne ya 16, Ambroise Paré wa Ufaransa aliwavika wagonjwa vazi la chuma. Mwaka 1911, mwaka mmoja kabla reli haijafika Tabora, Russell Hibbs wa New York aliunganisha pingili za uti kwa mifupa hata zikashikana kama mfupa mmoja. Na mwaka 1914 akaitumia njia hiyo kwa skoliosisi. Lakini wagonjwa walilala miezi mingi ndani ya plasta. Ndipo Paul Harrington wa Houston, aliyewatibu watoto wengi waliopooza kwa polio, akatia fimbo ya chuma kando ya uti, akatangaza kazi yake mwaka 1962. Siku hizi skrubu hutiwa katika pingili, fimbo mbili hufungwa juu yake, na mgonjwa husimama baada ya siku chache. Hata hivyo ni kazi ya hatari, kwa kuwa mishipa ya fahamu hupita humo. Kwa hiyo hufanywa hasa upindo ukizidi digrii 45 au 50.

Hapa Tanzania, kazi za namna hii hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Nasi wazazi na walimu tuna kazi yetu. Tumwambie mtoto ainame mbele, mikono ikining'inia, tumtazame mgongo. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za pili, tumpeleke hospitali, tusingoje. Mtoto angali akikua, upindo wa kadiri huweza kuzuiwa kwa mkanda mgumu pasipo kisu. Wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji.