Waya za Fenda na Barabara ya Kusini

Gari likitoka kiwandani, waya zake zina njia yao. Kitita kinachopeleka umeme kwenye taa ya mbele, indiketa na honi aghalabu hupita ndani ya fenda, sentimita chache tu kutoka kwenye tairi. Aliyekipitisha hapo alipima nafasi akijua springi ni nzima, tairi ni la saizi yake, na mzigo hauzidi uliokubaliwa. Gari likishuka chini ya kipimo hicho, tairi hupanda ndani ya fenda, hutoboa plastiki, huchubua tepu, mwishowe hufika kwenye shaba. Vijana wa mijini hushusha magari kwa makusudi, kwa kukata springi au kufunga fupi, ili gari lionekane limelala. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba kazi ya kuhamisha waya za fenda ni ufundi wa juzi ulioletwa na mitindo. Kwa pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, dhana hiyo haisimami. Huku mzigo na barabara mbovu vilishusha magari kabla ya mtindo wowote, na fundi akajifunza kuhamisha waya kwa sababu historia ya mkoa haikumwachia njia nyingine.

Historia hiyo haikuandikwa kwenye kitabu cha mafundi, kwa hiyo ushahidi wake inabidi utafutwe kwenye bandari, reli na barabara. Mikindani ni mji wa kale wa majahazi. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895. Mji wa Mtwara wenyewe ulizaliwa na mashine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga, na karibu nusu ya ardhi iliyokusudiwa ilikuwa Jimbo la Kusini, upande wa Nachingwea. Matrekta hayakupatikana ya kutosha, hivyo wakanunua mabaki ya vita, na kiwanda cha Vickers kikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Hili lina uzito katika hoja yangu. Mashine hizo zilikuwa zimeundwa kwa kazi nyingine na ardhi nyingine, na tangu siku ya kwanza zilihitaji mtu wa kuzigeuza. Mpango ulikufa Januari 1951, ukiacha hasara ya takriban pauni milioni 36. Bandari ya kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga ilizojengewa hazipo tena, na mapema miaka ya 1960 hata reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa mpango huo huo, ikang'olewa. Kusini ikabaki na bandari isiyo na reli, na kila gunia la korosho likawa mzigo wa lori.

Na lori lenyewe lilikuwa peke yake. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560, na katikati upo Mto Rufiji. Hadi Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yalipokolea njia ilifungika. Kipuri kilichoagizwa Dar kilisubiri meli au kilisubiri kiangazi. Ongeza hapo ukame wa fedha za kigeni uliofuata vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, wakati hata gereji za Dar zilikosa springi na tairi za saizi sahihi. Gari lililovunjika jani la springi lilifungwa jani la gari jingine. Lililokosa tairi lake lilivaa pana zaidi. Mambo hayo mawili, springi iliyochoka na tairi pana, ndiyo yanayoleta tairi kwenye fenda, na yalikuwepo kusini kabla kijana yeyote hajatamani gari lililolala. Bahati ni kwamba Land Rover na Bedford za wakati ule zilikuwa na waya chache, na nafasi chini ya fenda ilikuwa kubwa. Fundi alihamisha waya tatu au nne, akazifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kazi ikaisha.

Mambo yalibadilika baada ya bajeti ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Polepole yakaanza kuingia magari yaliyotumika, na kufikia miaka ya 1990 mengi yalitoka Japan: madogo, ya chini, yenye fenda iliyobana tairi. Yalikuwa yameundwa kwa lami ya Nagoya, yakapelekwa kwenye mchanga wa Tandahimba na udongo mwekundu wa Newala. Msimu wa korosho gari la abiria hubeba magunia hadi ghala la chama cha msingi, na gunia moja la korosho ghafi lina uzito wa kilo 80 hivi. Magunia manne nyuma na watu watatu mbele: hilo ni gari lililoshushwa, hata kama mwenyewe hajagusa springi. Zaidi ya hayo, waya chini ya fenda si nne tena. Kuna za sensa ya ABS, yaani breki zisizokamata tairi, na kwenye magari mengine za mfuko wa hewa. Kilichokuwa kazi ya robo saa kikawa kazi ya akili.

Inafaa kazi hiyo itazamwe kwa karibu, maana ndimo hoja ilimo. Dalili ya kwanza huwa fyuzi ya taa inayokatika gari likikata kona huku likiingia shimoni. Kwenye barabara iliyonyooka haina neno. Fundi anayejua hakimbilii kubadilisha fyuzi. Hupiga jeki, hutoa tairi na plastiki ya ndani, huosha tope, kisha hutafuta alama nyeusi inayong'aa, pale mpira ulipokuwa unasugua. Hapo huamua njia mpya: juu, chini ya mdomo wa fenda, au ndani zaidi ukutani mwa injini, mbali na bomba la moshi. Waya zikiwa fupi huongezwa moja moja, na viungo havikutanishwi mahali pamoja. Kimoja huwekwa mbele, kingine nyuma, ili kitita kisivimbe wala shaba mbili zisigusane. Tundu linalotobolewa kwenye bati huvalishwa raba, la sivyo ukingo wa bati utafanya kazi ile ile ya tairi. Waya mbili za sensa ya ABS huachwa zimesokotana, kwa kuwa ule msokoto ndio unaozuia umeme wa jirani kuvuruga taarifa. Waya za mfuko wa hewa, zenye soketi za njano, hazikatwi. Mwisho usukani huzungushwa hadi mwisho pande zote mbili huku watu wameegemea boneti ili gari lizame, na fundi akiwa chini na tochi.

Kuna sababu nyingine ya kuzipandisha waya juu, nayo ni ya pwani hii. Gari linaloshuka Msimbati, ambako watu huendesha juu ya mchanga wa ufukweni, au linalokwenda Kilambo kusubiri kivuko cha Ruvuma, hurushiwa maji ya chumvi ndani ya fenda. Soketi iliyolowa chumvi huota ukungu wa kijani, na taa hufifia hata kama tairi halijagusa kitu. Ng'ambo ya mto, Msumbiji nako watu huendesha kushoto, kwa hiyo gari lenye usukani wa kulia hutumika nchi zote mbili, na matatizo ya fenda yake huvuka nalo.

Atasema mtu kwamba upungufu wa vipuri ulikuwa wa nchi nzima, kwa nini Mtwara idai sifa yake? Ni kweli ulikuwa wa nchi nzima. Lakini Mwanza imeunganishwa kwa reli tangu mwaka 1928, na Arusha na Mbeya zilikuwa na lami kabla kusini haijapata hata daraja. Shida ile ile ikidumu miaka mingi zaidi mahali pamoja, huzaa mazoea yaliyokomaa zaidi. Pingamizi la pili ni zito: kwamba fundi akihamisha waya anaficha ugonjwa, na kwamba tiba ni springi mpya, tairi la saizi yake na mzigo wa halali. Hapo mpingaji ana haki. Tairi linalogusa kitu haliwi salama kwa kuwa waya imeondolewa. Bado litachanika lenyewe. Na waya iliyoungwa ovyo huunguza gari. Ila kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani kunadai vipuri na barabara ambavyo kwa miongo kadhaa mkoa huu haukuwa navyo. Ninachokataa ni kuyaita mazoea hayo ujinga. Yalikuwa uamuzi wa watu waliopima walichonacho, na fundi mzuri hadi leo hutazama springi kwanza, waya baadaye.

Wala hali ile haijakwisha. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, na kusini ikatengwa tena. Nawaomba walimu wa umeme wa magari wa chuo cha ufundi cha VETA Mtwara wawaite mafundi wazee wa Chikongola na Magomeni, wawakalishe mbele ya wanafunzi na gari lililovuliwa fenda, na kila hatua iandikwe kwa Kiswahili: waya ipi ipandishwe, ipi isikatwe, na lini mteja aambiwe akanunue springi.