Maziwa machachu, tezi za sokwe na maisha marefu

Mbele ya kununua vile vidonge vya "kurudisha ujana" vinavyotembea kwenye WhatsApp, tusome historia kidogo. Biashara hii haikuanza leo.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mjini Paris, alikuwako Mrusi mmoja jina lake Élie Metchnikoff. Huyu hakuwa muganga wa sokoni. Alifanya kazi Institut Pasteur tangu 1888, na mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, sababu alionyesha namna chembe fulani za mwili zinavyomeza vijidudu. Lakini swali moja halikumwacha: kwa nini mtu anazeeka? Jibu lake likawa kwamba vijidudu vya utumbo mkubwa vinatoa sumu inayoharibu mwili polepole. Alisikia kwamba wakulima wa Bulgaria wanaishi sana na wanakunywa maziwa machachu. Basi naye akaanza kunywa kila siku, na watu wengi wa Ulaya wakamfuata. (Sisi wa Kivu mashanza tunayo tangu zamani, na hakuna aliyetupa Nobel!) Alifariki 1916, akiwa na miaka 71.

Halafu akaja Serge Voronoff, munganga wa kupasua. Yeye alisema nguvu ya ujana iko kwenye korodani. Mwezi wa sita 1920 alikata vipande vyembamba vya korodani ya sokwe, yaani sokomutu, akavishona ndani ya mfuko wa korodani wa mtu. Ndiyo, umesoma vizuri. Matajiri wakapanga mstari, hata akaanzisha mahali pa kufuga nyani karibu na Menton. Lakini mwili haupokei nyama ya mnyama mwingine: kinga yake, ileile iliyompatia Metchnikoff Nobel, inaishambulia. Vipande vile vilikufa, pesa hazikurudi. Voronoff mwenyewe alifika miaka 85, na maisha mazuri.

Sasa, kilichoongeza maisha kweli ni nini? Rudi Vienna, 1847. Munganga Semmelweis aliona wamama wanakufa sana kwa homa ya uzazi katika chumba ambamo wanafunzi wa udaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vilianguka toka karibu 18 kwa 100 mpaka karibu 2. Wakubwa wengi hawakumsikiliza.

Hapa wengi wetu tunachanganya hesabu. Tukisoma kwamba mwaka wa 1900 wastani wa maisha duniani ulikuwa karibu miaka 32, si kusema watu walikuwa wazee wakiwa na 32. Wazee wa 70 walikuwako. Watoto njo walikuwa wanakufa, na kifo cha mtoto mmoja kinashusha wastani sana. Chanjo, sabuni na maji safi viliokoa hao wadogo.

Na kwetu? Kikwit, 1995, Ebola iliingia hospitalini na kuua waganga na wauguzi wengi. Dawa haikuwako. Iliyoikata ni glovu, maski, na kutenga wagonjwa. Miaka ikapita, Profesa Muyembe na wenzake wa Marekani wakachukua damu ya mmoja aliyepona Kikwit, wakatoa ndani yake kingamwili iliyofanywa dawa. Ilijaribiwa hapa kwetu wakati wa Ebola ya Mashariki, na mwaka wa 2020 Marekani wakaikubali.