Utabiri Huu Ulitengenezewa Nani?

Katikati ya Novemba 2023, mwezi ukiwa gizani na msimu wa omena umechangamka, vijana sita tulikuwa tumeketi nyuma ya kibanda cha kuchaji simu pale Muhuru Bay tukibishana kuhusu mvua. Si mvua iliyokuwa imenyesha, la. Ni ile ambayo huenda ingenyesha usiku. Mmoja alikuwa na ramani ya modeli ya Wamarekani, GFS, iliyosema ziwa litalala shwari. Mwingine alikuwa na ile ya Ulaya, ECMWF, iliyoweka doa la buluu katikati ya ziwa kuanzia saa saba za usiku. Wa tatu akafungua Yr, programu ya Wanorwe, nayo ikakubaliana na ya Ulaya. "Mbili kwa moja," tukasema, kana kwamba tumepiga kura.

Mjomba wangu alikuwa kando akishona wavu. Ana mashua moja, na watu wanne wanaomtegemea kila jioni. Akaniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyefika chuo kikuu, ingawa anajua vizuri kwamba niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma: "Sasa mpwa wangu, mnaniambia niende ama nisiende?"

Nilikohoa kidogo. Kulinganisha ramani ni raha mpaka mtu aulize swali kama hilo.

Tabia yenyewe tuliiga kwa rafiki yetu aliyehamia Minnesota. Anatuambia huko watu wazima, wenye kazi zao na rehani za nyumba, hukesha wakilinganisha modeli hizi hizi ili wajue kama theluji itafika inchi moja au nusu. Nusu inchi! Hakuna atakayekufa. Ni mapenzi tu, kama sisi na mpira. Sisi theluji yetu ya kusimulia ni ile ya Septemba 2008 karibu na Nyahururu, watu walipoamka wakakuta mlima mzima mweupe, watoto wakatoka kuchezea, na wataalamu wa hali ya hewa wakaja kueleza kwamba haikuwa theluji, ilikuwa mvua ya mawe madogo madogo yaliyoshikana yakawa kama shuka. Nakumbuka watu walivyokasirika. Walitaka iwe theluji.

Lakini swali la mjomba halikunitoka kichwani, na miezi iliyofuata nilisoma kila nilichokipata kuhusu nani alianza kutabiri hali ya hewa upande huu wa dunia, na alikuwa akimtabiria nani.

Kwanza, hadithi ambayo kila mtoto wa Homa Bay anaijua. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la chumvi, Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Mwanajiolojia atakuambia ni shimo la volkano. Nyanya atakuambia palikuwa kijiji, na usiku mmoja wa sherehe akaja bibi kizee amechoka, anaomba mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, na bibi akamwonya: ondokeni, maji yanakuja. Mwanamke akaondoka, kijiji kikazama. Nilikuwa nikiichukulia kuwa hadithi ya ukarimu. Sasa naisoma kama hadithi ya utabiri. Onyo lilitolewa, lakini lilifika nyumba moja peke yake, na lilifika huko kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwamini aliyelileta.

Ofisi rasmi ilikuja baadaye sana. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliundwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter, mtu wa takwimu aliyetoka kufanya kazi Mauritius. Miaka minne tu kabla ya hapo, 1925, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya uchawi iliyowafanya hata waganga wa mvua wafanye shughuli zao kwa kujificha. Kwa hiyo ndani ya miaka hiyo michache kazi ya kusema mvua itakuja lini iliharamishwa mkono mmoja na kuajiriwa mkono mwingine.

Na iliajiriwa kwa ajili ya nani? Tazama tarehe. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, zikipitia Kisumu. Marubani walihitaji kujua mawingu na pepo. Walowezi walihitaji kujua mvua ya mashamba yao. Vituo viliwekwa mahali wateja hao walipokuwa. Mvuvi wa Karungu au Mfangano hakuwa mteja. Alikuwa na ngozi yake, macho yake, na wazee wake.

Sitaki kusema mambo hayajabadilika, lakini wakati mwingine historia ina kejeli yake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Waliofika kwanza kuwaokoa waliobaki walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Sasa turudi kwenye zile simu zetu tatu. Baada ya usiku ule niligundua jambo lililonifedhehesha. Yr ni huduma ya idara ya hali ya hewa ya Norwe na shirika lao la utangazaji, nayo kwa Skandinavia ina modeli yake ya karibu. Lakini ukitoka nje ya Skandinavia, inachokuonyesha Yr ni hesabu za ECMWF, kile kituo cha nchi za Ulaya kilichoanzishwa 1975 na kufanya makao yake Reading, Uingereza. Yaani wale mashahidi wawili waliokubaliana dhidi ya mmoja walikuwa shahidi mmoja aliyebadilisha koti. Kura yetu ilikuwa moja kwa moja. Sare. Na programu nyingi za simu ziko hivyo: rangi tofauti, nembo tofauti, lakini data imechotwa kisima kimoja. Ukitaka kulinganisha, uliza kwanza maji yametoka wapi.

Jambo la pili ni ukubwa wa matundu ya wavu. Modeli hugawa dunia katika miraba, kisha hupiga hesabu ya joto, unyevu na upepo kwa kila mraba. Mraba wa GFS una upana wa takriban kilomita 13, wa ECMWF takriban 9. Wingu la radi linaloweza kupindua mashua linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Kwa hiyo modeli hailioni wingu lenyewe, inakisia kwamba katika mraba huu huenda kuna mawingu ya namna hiyo. Mjomba anaelewa hilo kuliko mimi. Wavu wa sangara haukamati omena.

Ziwa lenyewe nalo lina ukaidi wake. Nam Lolwe, kama tunavyoliita kwa Kijaluo, lina ukubwa wa karibu kilomita 68,800 za mraba, na linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda bara, na mvua hupiga Kisii, Kericho, milima ya Tarime. Usiku mambo hugeuka. Bara inapoa, maji yanabaki na joto, upepo kutoka pande zote unaelekea ziwani, unakutana katikati na kupanda juu. Hapo ndipo radi huzaliwa, saa zile zile ambazo mashua za omena ziko mbali na ufuo zimewasha taa. Makadirio yanayorudiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Ni makadirio, kwa kuwa wengi wa wanaozama huku hawaandikwi popote ila katika vichwa vya mama zao.

Mwaka 2011 idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilianza kuendesha modeli ya kilomita 4 kwa ajili ya Ziwa Victoria. Ndiyo, 2011. Miaka themanini baada ya ndege ya kwanza. Kisha 2016 na 2017 mtafiti Mbelgiji, Wim Thiery, na wenzake walichapisha kazi iliyotumia satelaiti na kuonyesha kwamba dhoruba kali za usiku ziwani zina uhusiano na dhoruba za mchana wa jana yake kwenye nchi kavu iliyolizunguka. Mvua kubwa ya alasiri bara, jihadhari ziwani usiku. Nilipomsomea mjomba hayo aliniangalia kwa huruma. "Hao walilipwa?" akauliza.

Sicheki utafiti. Mzee anayetazama milima anaona upande mmoja tu wa ziwa, satelaiti inaona Uganda na Tanzania kwa pamoja. Ndiyo maana mradi ulionifurahisha zaidi ni ule wa HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza kuanzia 2017. Idara za Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoa utabiri wa ziwa lenyewe, kwa kanda, wa upepo na mawimbi, ukisomwa redioni kwa lugha za wenyeji na kupelekwa kwenye bichi. Tathmini yao ilikadiria kwamba vifo vya kuzama vilipungua kwa takriban asilimia 30. Tuseme wamejipendelea kidogo, tukate nusu. Bado ni watu wengi sana waliorudi nyumbani.

Na kulinganisha kwenyewe, kule kwa heshima, kulishafanyika jirani yetu. Huko Bunyore, Vihiga, ukoo wa Nganyi umekuwa ukitabiri mvua kwa vizazi, ukisoma miti inavyopukutisha majani na kuchanua, ndege, wadudu, pepo. Kuanzia 2008 wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wa kituo cha kikanda cha ICPAC waliketi nao kabla ya msimu, kila upande na utabiri wake, wakabishana, wakatoka na tamko moja. Wajukuu wa watu waliojificha kwa sababu ya sheria ya 1925 wakaitwa mezani na ofisi ile ile iliyozaliwa 1929. Kisichonipendeza ni kwamba meza hiyo ni ya utabiri wa msimu mzima, ambao humfaa mkulima. Mvuvi hahitaji kujua Oktoba hadi Desemba. Anahitaji kujua saa saba za usiku wa leo.

Huo utabiri wa msimu nao una mashaka yake. Mwaka 1997 El Niño ilikuja na mafuriko, na neno hilo likaingia Kiswahili cha mtaani likakaa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana baharini, serikali ikajiandaa, mvua ikawa ya kawaida tu kuliko hofu yenyewe, watu wakacheka. Mwaka 2019 hakukuwa na El Niño ya maana, na Nyatike ikafurika. Kinachokosekana katika masimulizi ni Bahari ya Hindi: upande wa kwetu ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua hutumiminikia. Wanasayansi walilipa jambo hilo jina mwaka 1999, lakini lilikuwapo siku zote. Lilikuwapo 1961, ile mvua ya uhuru iliyoinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili ndani ya miaka mitatu. Mei 2020 ziwa lilifikia tena kimo kile cha 1964 na kukipita kwa unywele, na bichi nyingi za Homa Bay na Migori zikahamia shambani.

Ndiyo maana Oktoba 2023, Rais William Ruto alipotangaza kwamba kwa mujibu wa wataalamu El Niño iliyohofiwa haingekuja, watu wa Nyatike hawakujua wacheke au wahame. Mto Kuja una tabia ya kufurika huko jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha milima ya Kisii na Nyamira. Ukitazama ramani ya Nyatike peke yake utaona kumekauka. Novemba mafuriko yakaja, na nchini kote zaidi ya watu 100 wakafa.

Basi tulikuwa hapo, Novemba hiyo hiyo, nyuma ya kibanda. Nilimwambia mjomba ukweli, kwamba modeli zimegawanyika. Akasimama, akatazama upande wa Tarime, ambako alasiri kulikuwa na giza zito la mvua. Akakunja wavu. Wale vijana wake wanne walinung'unika, kwa kuwa siku isiyo na ziwa ni siku isiyo na unga. Mashua nyingine saba zikaondoka na taa zao.

Usiku ule hakukuwa na hata tone. Sikulala, nilikuwa nikichungulia nje kila saa, nikiomba upepo uje kidogo tu, ndipo nikakumbuka kuna watu majini nikaona aibu. Asubuhi mashua saba zikarudi zimejaa omena mpaka ukingoni, na mmoja wa vijana wa mjomba akapita mbele yangu bila kunisalimu.

Jioni yake mjomba alikuja pale pale kwenye kibanda. Sikuwa na bando. Akatoa noti ya hamsini, akaiweka juu ya simu yangu, akageuka kutazama milima.

"Fungua," akasema. "Na leo anza na ile moja, usinihesabie mara mbili."

Nilikuwa bado sijamweleza habari ya Yr. Sijui aliijuaje.