Kibodi za zamani za mekaniki: Ununue mtumba, iliyokarabatiwa au mpya?

Kibodi iliyotoka kiwandani mwaka 1987 inaweza bado kuandika barua pepe za leo bila tatizo. Inaweza pia kufika nyumbani kwako ikiwa na nusu ya vitufe visivyofanya kazi. Kwenye picha ya muuzaji, kibodi hizi mbili zinafanana. Makala hii inaeleza tofauti kati ya kununua kibodi ya mtumba, iliyokarabatiwa na mpya, kwa kuangalia zaidi ile inayotafutwa sana duniani: Model M ya kampuni ya Marekani ya IBM.

Kibodi ya mekaniki ni nini?

Kibodi nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo zina kipande cha mpira laini chini ya vitufe. Ukibonyeza, mpira unabonyea na kugusanisha saketi. Mpira huo huchoka kwa matumizi, na ukichoka kibodi hutupwa.

Katika kibodi ya mekaniki, kila kitufe kina swichi au springi yake. IBM ilitoa Model F mwaka 1981 pamoja na kompyuta yake binafsi ya kwanza, kisha Model M mwaka 1985. Zote mbili zinatumia springi ya chuma inayopinda ghafla ubavuni kitufe kinapofika umbali fulani. Kupinda huko ndiko kunakotoa ule mlio mkali, na wakati huohuo kunasukuma kinyundo kidogo kilicho chini yake. Kidole kinahisi na sikio linasikia kwamba herufi imeandikwa.

Tofauti ya Model F na Model M iko chini ya springi. Katika Model F, kinyundo kinatua juu ya bodi ya saketi. Katika Model M, kinatua juu ya utando wa plastiki wenye tabaka kadhaa, njia iliyopunguza gharama za uzalishaji. Model M zilitengenezwa kwa wingi mkubwa, kwa hiyo nyingi bado zipo. Mwaka 1991 biashara hiyo ilihamia kampuni ya Lexmark, iliyotokana na IBM.

Watengenezaji wengine pia wana wapenzi wao. Cherry ya Ujerumani ilianzisha swichi za MX katika miaka ya 1980, na bado zinatengenezwa. Apple ilitoa Extended Keyboard mwaka 1987 ikiwa na swichi za Alps kutoka Japani. Swichi hizo zinasifiwa kwa ulaini, lakini vumbi likiingia huwa nzito, na kupata za kubadilishia ni kazi ngumu.

Mtumba: Bei ndogo, kazi yote ni yako

Kibodi ya mtumba inauzwa kama ilivyo. Aghalabu muuzaji ameitoa kwenye stoo ya ofisi au nyumba, na huenda hana hata kompyuta yenye tundu la kuijaribia. Hapo ndipo bei nzuri hupatikana, na ndipo hasara hutokea.

Tatizo kubwa la Model M liko mahali usipopaona. Springi na utando vimebanwa kati ya sahani ya chuma na fremu ya plastiki, na vinashikiliwa na vijiti vingi vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa ncha kama riveti. Plastiki hiyo hukauka kwa miaka na ncha hukatika moja baada ya nyingine. Zikikatika chache, kibodi inaendelea kuandika. Zikikatika nyingi upande mmoja, sahani inaachia, mlio unakuwa mzito na vitufe vya eneo hilo vinakataa.

Dalili yake inaweza kusikika. Ukiitikisa kibodi taratibu na ukasikia vipande vidogo vikicheza ndani, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ncha zilizokatika.

Tatizo la pili ni maji. Chai au soda iliyomwagika miaka 20 iliyopita huenda ilikauka na kugandisha tabaka za utando. Dalili yake ni safu nzima ya vitufe kutofanya kazi, au kitufe kimoja kuandika herufi mbili.

Rangi si kigezo kizuri. Plastiki ya ABS iliyotumiwa na watengenezaji wengi hugeuka manjano kwa umri na mwanga wa jua, lakini manjano hayaharibu swichi. Vifuniko vya vitufe vya Model M vimetengenezwa kwa plastiki ya PBT, na herufi zake zimezama ndani ya plastiki yenyewe. Hata baada ya miaka mingi ya kuandika hazifutiki kirahisi. Kibodi chafu kwa nje inaweza kuwa nzima, na inayong'aa ikawa imekatika riveti zote.

Iliyokarabatiwa: Uliza ilifanywa nini

Neno "imekarabatiwa" halina maana moja sokoni. Kwa muuzaji mmoja, maana yake ni kwamba alivua vitufe, akaviosha kwa sabuni na kufuta vumbi. Kwa mwingine, ni kwamba aliifungua kibodi yote, akatoboa mahali pa riveti zilizokatika na kuweka skrubu ndogo na nati, akabadilisha utando ulioharibika na kuipima kila springi. Kazi ya pili inachukua saa nyingi, na ndiyo inayostahili bei ya juu.

Kwa hiyo, swali la kumuuliza muuzaji ni: "Ulibadilisha nini, na una picha za ndani?" Fundi aliyeifungua kibodi kwa kawaida amepiga picha. Asiyekuwa nazo, mlipe bei ya mtumba uliosafishwa.

Kwa Model F mambo ni tofauti kidogo. Haina riveti za plastiki, hivyo inafunguka na kufungwa tena. Lakini ndani yake kuna tabaka la sifongo ambalo baada ya miaka 40 mara nyingi limegeuka unga. Ukarabati wa kweli wa Model F ni ule uliobadilisha sifongo hilo.

Mpya: Si lazima iwe ya kisasa

Si wengi wanaojua kwamba kibodi ya aina ya Model M bado inatengenezwa. Kampuni ya Unicomp ya Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ilichukua teknolojia na mitambo hiyo kutoka Lexmark mwaka 1996. Inauza kibodi mpya zenye springi ileile na plagi ya USB, na pia vipuri vinavyoingia katika kibodi za zamani. Bei yake ni zaidi ya dola 100 kabla ya usafirishaji.

Chaguo jingine ni kibodi mpya zenye swichi za Cherry MX au zinazofanana nazo, kama zile za Gateron na Kailh kutoka China. Baadhi zina soketi zinazoruhusu kuchomoa swichi iliyokufa na kuweka nyingine bila kuchomea kwa risasi. Hazina mlio wa IBM, lakini zina kitu ambacho kibodi ya zamani haina: dhamana ya muuzaji.

Gharama zisizoandikwa kwenye tangazo

Ya kwanza ni plagi. Model M nyingi zina plagi ya duara ya PS/2, na za mwanzo zina plagi kubwa zaidi ya pini 5. Kiunganishi kidogo kinachobadilisha tu umbo la plagi kuwa USB hakitoshi. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, kinachotafsiri ishara za kibodi. Baadhi ya vigeuzi vya bei rahisi hushindwa kwa sababu kibodi hizi hula umeme mwingi kuliko za sasa. Model F na kibodi za zamani za Apple zinahitaji vigeuzi vya aina yake.

Ya pili ni mpangilio wa herufi. Kibodi za bei rahisi nchini Ujerumani huwa na Z mahali pa Y, na za Ufaransa huanza na A mahali pa Q. Kwa anayeandika Kiswahili, mpangilio wa Marekani au Uingereza unatosha. Alama ya ziada inayohitajika ni ritifaa, kwa maneno kama ng'ombe na ng'ambo, nayo ipo karibu na kitufe cha Enter. Namba 1391401 nyuma ya Model M inaonyesha mpangilio wa Marekani wenye vitufe 101. Usitarajie kitufe cha Windows, kwani kibodi hizo zilibuniwa kabla yake.

Ya tatu ni uzito. Model M kamili huwa na zaidi ya kilo 2. Kwa msomaji aliye Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, nauli kutoka Marekani au Ulaya inaweza kuzidi bei ya kibodi yenyewe, na ushuru wa forodha unaweza kuongezwa juu yake. Kurudisha yenye kasoro maana yake ni kulipa nauli mara ya pili.

Kabla hujalipa

Omba picha ya lebo ya nyuma, yenye namba na tarehe ya kutengenezwa. Omba picha ya kitufe kimoja kikiwa kimevuliwa kifuniko, kwa sababu baadhi ya kibodi zenye jina la Model M zilitumia mpira badala ya springi. Omba video fupi ya kila kitufe kikijaribiwa kwenye kompyuta. Uliza kama waya ni wake wa asili na kama hauna mchubuko.

Ipi inakufaa?

Mtumba unamfaa mwenye bisibisi, subira na uwezo wa kuishika kibodi mkononi kabla ya kulipa. Iliyokarabatiwa inamfaa anayetaka kibodi ya asili bila kuifungua mwenyewe, mradi ukarabati uwe na ushahidi. Anayeishi kwa kuandika, ambaye siku moja bila kibodi ni siku moja bila kipato, heri anunue mpya, kisha ya zamani aitafute taratibu, bila haraka ya kulipa.