Ndege Zilizokwenda na Kurudi: Kumbukumbu zetu za Dakota nchini Kongo



Kwa toleo hili la kumbukumbu, Kamati ilituomba sisi wazee tuandike jambo moja la nyumbani ambalo watoto waliozaliwa kambini hawakuliona. Tumechagua ndege za mapanga, hasa ile ya injini mbili tuliyoiita Dakota.

Jina lake la kiwandani ni DC-3. Iliruka mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 17 Desemba 1935. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ziliundwa kwa maelfu ili kubeba askari na mizigo, na vita vilipokwisha mwaka 1945 nyingi ziliuzwa kwa mashirika ya abiria. Sabena, shirika la Ubelgiji, lilizitumia Kongo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1960 likaja shirika letu, Air Congo, lililoanzishwa mwaka 1961. Mwaka 1971 likaitwa Air Zaïre, na mwaka 1995 likafungwa.

Kongo ina zaidi ya kilomita za mraba 2,300,000, misitu na mito mikubwa, na barabara zake zilizidi kuharibika mwaka hadi mwaka. Dakota haikudai lami. Uwanja wa udongo au wa majani uliitosha, mradi umefyekwa na mbuzi wamefukuzwa. Ndiyo maana ilifika hata mahali ambapo lori lilikwama wiki nzima katika matope.

Aliyeipanda haisahau. Gurudumu lake la tatu liko mkiani, kwa hiyo ikiwa chini pua hutazama juu. Tuliingia kwa mlango wa nyuma, kisha tukapanda kama mlimani kutafuta viti. Kabla ya hapo tulipimwa uzito kwenye mizani, sisi na mizigo yetu. Injini ilikohoa, ikatoa moshi, kisha mapanga yakazunguka hata hayakuonekana tena. Ndani kelele zilikuwa nyingi, tukasemezana kwa mikono, na harufu ya ndagala wakavu ilijaa kila mahali. Haikuruka juu sana, hivyo tuliona vizuri mto Lualaba, mitumbwi na moshi wa mapishi vijijini. Ikiingia katika mawingu ya mvua ilitikisika sana, na akina mama wakaanza kusali kwa sauti.

Wafanyakazi wa misaada nao wana undugu na ndege hii. Mwezi Juni 1948, njia za nchi kavu za kuingia Berlin ya Magharibi zilipofungwa, watu zaidi ya milioni mbili walilishwa kwa ndege. Dakota zilikuwa miongoni mwa za kwanza kupeleka unga na makaa ya mawe, kabla kazi kubwa haijachukuliwa na ndege za injini nne.

Lakini tunaandika kwa sababu nyingine pia. Watoto wetu wakisikia neno ndege, wanafikiria siku jirani anapoitwa kwenda kuishi nchi ya mbali. Watu wanakumbatiana, wanalia, basi linaondoka, na nyumba inabaki tupu. Kwao ndege ni kitu kinachochukua watu, wasirudi.

Kwetu haikuwa hivyo. Dakota ilimpeleka mgonjwa hospitalini, ikamrudisha amepona. Ilimpeleka kijana shuleni, ikamleta wakati wa likizo amerefuka. Ilileta dawa, barua na mwalimu mpya. Tuliposikia mlio wake tulikimbilia uwanjani kuona nani amerudi.

Hatuwalaumu wanaoondoka, na tunawaombea heri. Tunachotaka ni watoto wajue kwamba safari ya kurudi ilikuwapo, na kwamba sisi tuliisafiri. Wazee wenzetu wenye kumbukumbu kama hizi, tafadhali wasimulieni wajukuu jioni, kisha mtuletee kwenye Kamati tuziandike, maana tunazidi kupungua.